Mahari ya Pauni 29,000

Nianze kwa kukiri. Historia ninayotaka kuisimulia hapa sikuisoma darasani, na wala nisingeitafuta lau si faili moja la kijani lililo juu ya kabati la mamangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Ndani ya faili hilo mna cheti cha ndoa kilichotiwa sahihi na kadhi, picha 24 za harusi, risiti za tiketi za ndege, na kurasa 61 za mazungumzo ya simu baina yangu na mke wangu, zimepigwa chapa na kupangwa kwa tarehe kama ushahidi wa kesi ya wizi. Mke wangu ni raia wa Uingereza, mzaliwa wa Leicester. Mimi ni Mkenya, mwalimu wa sekondari. Tuna mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, na siku nilizombeba hazizidi wiki tatu.

Siku ya kwanza nilipoketi saiba kuanza kujaza fomu ya kuomba viza ya mume, kijana anayesimamia kompyuta alinichungulia begani, akacheka. "Mwalimu, kwani sasa wewe ndo unaolewa?" Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Lakini njiani nikirudi nyumbani lile swali halikunitoka. Ni nani aliyeamua kwamba mume kumfuata mke ni jambo la kutiliwa shaka?

Maana kwetu pwani jambo hilo si geni. Bwana harusi ndiye anayeingia nyumbani kwa bibi harusi, na fungate hukaliwa huko huko. Lamu, mzazi mwenye uwezo alikuwa akimjengea bintiye nyumba, mume akaja kuishi humo. Na bahari nayo ina yake: majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi yalileta wanaume ambao wengine walioa, kusi ilipovuma majahazi yakaondoka, wao wakabaki. Sisemi kwamba hawakuulizwa. Waliulizwa sana! Wazee walituma watu kuchunguza ukoo, dini, tabia na mali, kuona kama huyu mgeni ni kufu wa binti yao, na wapo waliorudishwa kwa kiburi kitupu cha nasaba. Zamani zile hazikuwa pepo. Lakini aliyeuliza alijulikana jina na mlango wake, na aliyeulizwa aliweza kujibu kwa mdomo wake. Mimi sijui nani atakayezisoma kurasa zangu 61.

Basi nikaanza kusoma, na mlango wa kwanza nilifunguliwa na baba mkwe wangu.

Mzee huyu alizaliwa hapa hapa Mombasa, katika ukoo uliotoka Gujarati, na Kiswahili chake cha Kimvita kingali kizima. Baada ya uhuru familia yake ilibaki na pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na watu wakaanza kuondoka. Uingereza nayo ikashtuka: wenye pasipoti zake walikuwa wanaitumia kweli! Bunge la London likapitisha sheria kwa siku tatu tu, ikaanza kazi tarehe 1 Machi 1968. Tangu hapo pasipoti peke yake haikutosha, mpaka uwe na mzazi au babu aliyezaliwa, kuasiliwa au kuandikishwa uraia Uingereza kwenyewe. Waliobaki nje waliwekewa vocha maalumu, 1,500 kwa mwaka mwanzoni, na vocha alipewa mkuu wa nyumba. Mkuu wa nyumba, bila shaka, alidhaniwa kuwa mwanamume.

Baba mkwe alikuwa na umri wa miaka tisa. Waliondoka Februari, wiki ya mwisho, mamake amebeba cherehani kama mtoto. Amenisimulia habari hiyo mara tatu, na kila mara huishia pale pale: "Mwanangu, tuliipita sheria kwa siku nne."

Mwaka uliofuata, Januari 1969, zamu ikawa ya waume. Mwanamume wa nchi za Jumuiya ya Madola aliyetaka kumfuata mke au mchumba wake Uingereza alizuiwa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mke kumfuata mume, sawa. Mume kumfuata mke, ana lake jambo. Kizuizi hicho kiliondolewa 1974, kikarudi kwa sura nyingine 1980.

Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba wanawake waliachwa salama. Januari 1979 mwalimu mmoja wa Kihindi, mwenye miaka 35, alishuka uwanja wa Heathrow akija kuolewa. Kwa kanuni za wakati ule mchumba aliyekuja kuolewa upesi hakuhitaji kibali cha mapema, ilhali mke alikihitaji. Maofisa wakataka kujua kama kweli hajaolewa. Wakampeleka kwa daktari mwanamume ampime ubikira. Gazeti lilipoifichua habari hiyo, serikali ilisema imekomesha. Miaka mingi baadaye watafiti waliofungua majalada ya serikali walikuta kwamba waliofanyiwa hivyo miaka ile ya sabini hawakupungua wanawake 80, wengi wao huko huko India, kwenye ofisi za viza. Niliposoma hayo niliifunga kompyuta nikatoka nje. Mimi nilikuwa nikilalamikia kurasa zangu za simu.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona njia ya historia hii. Kwanza walitafuta ukweli wa ndoa katika mwili. Ulipokataliwa mwili, wakaingia katika nia.

Kanuni za 1980 zilimruhusu ofisa kumkataa mume ikiwa aliamini kwamba shabaha kuu ya ndoa ile ni kupata makao Uingereza. Mwaka 1983 mzigo ukahamishwa: si ofisa tena wa kuthibitisha, ni mume athibitishe kwamba hakuoa kwa sababu hiyo. Hebu fikiri. Unathibitishaje jambo ambalo hukulikusudia? Ukisema unataka kuishi na mkeo, na mkeo yuko Uingereza, tayari umekiri kwamba unataka kuishi Uingereza. Na ukiulizwa kwa nini yeye asije kwenu, kila jibu ni tanzi. Waliokamatwa zaidi na tanzi hilo walikuwa wanaume wa India, Pakistani na Bangladeshi, waliooa kwa kupangiwa na wazazi, kwa sababu ofisa hakuona mapenzi pale alipozoea kuyaona.

Wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza kwa halali, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, walikataliwa waume zao. Wa kwanza alizaliwa Malawi, wa pili alitoka Ufilipino, wa tatu Misri. Wakaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Serikali ilijitetea kwamba inalinda ajira, kwani wanaume ndio watafutao kazi zaidi. Tarehe 28 Mei 1985 mahakama ikasema: nchi hailazimiki kukubali kila mahali ambapo wanandoa wamechagua kukaa, lakini kumruhusu mwanamume kumleta mkewe na kumnyima mwanamke kumleta mumewe ni ubaguzi wa jinsia.

Walishinda! Nilipofika hapo nilimpigia mke wangu simu usiku, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Halafu wakafanyaje?" Anaijua nchi yake. Walichofanya ni hiki: mwaka ule ule wa 1985 waliirekebisha kanuni, si kwa kuwafungulia waume, bali kwa kuwatia wake nao katika mtihani ule ule wa nia. Ubaguzi ukaisha, dhiki ikagawanywa sawa. Kanuni ya shabaha kuu ilidumu mpaka Juni 1997, serikali mpya ilipoifuta.

Baada ya mwili na nia, ikaja zamu ya mfuko. Kwanza lugha: tangu Novemba 2010 anayeomba lazima aonyeshe kwamba anajua Kiingereza kidogo. Mimi ninafundisha Kiingereza, lakini nina diploma, si digrii, na Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa. Basi nililala kwenye basi la usiku mpaka Nairobi, nikalipa, nikaulizwa napenda chakula gani. Nilisema napenda wali wa nazi. Nikafaulu.

Kisha fedha. Julai 2012 iliamriwa kwamba raia anayemwita mumewe au mkewe awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, nayo Februari 2017 ikaamua kwamba kiwango chenyewe si haramu, ila kanuni hazikuzingatia ipasavyo maslahi ya watoto. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikapandishwa kwa mruko mmoja hadi pauni 29,000. Asiye na kipato hicho aweza kuonyesha akiba ya pauni 88,500. Nani katika ukoo wetu amewahi kuziona?

Mke wangu anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Anawaosha, anawalisha, anawageuza kitandani. Kazi hiyo humpa karibu pauni 24,000. Mshahara wangu wa Kenya hauhesabiwi, hata ungekuwa mkubwa. Kwa hiyo mwishoni mwa wiki anasafisha ofisi, ili azifikie zile 5,000 zilizobaki, na mtoto hukaa na nyanyake. Inatakiwa miezi sita ya karatasi za mshahara kwa kazi zote mbili. Mwezi mmoja akipunguziwa saa, wastani unaanguka na hesabu inakwenda mrama. Jambo hilo limetupata mara moja. Na cheti changu cha kifua kikuu nacho kina uhai wa miezi sita tu, kwa hiyo nilipimwa mara mbili, mapafu yale yale.

Nilipomweleza mamangu, aliacha kuchambua mchele. "Mahari si ulitoa wewe? Mbona sasa yeye analipa tena?" Nikamwambia, mama, hii si mahari yake, ni mahari ya serikali. Akasema, "Haya. Lakini ya kwetu mke aliikubali, ikaisha."

Nisije nikaonekana nanyosha kidole huku vitatu vyanielekea mwenyewe. Sisi je? Kwa katiba tuliyoanza nayo Kenya, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kuandikishwa uraia, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya wa kike hakupata njia hiyo. Wala mama hakuweza kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje. Mama yangu mdogo aliolewa na Myemeni, akazaa watoto wawili Aden, na aliporudi nao hapa walikuwa wageni katika nyumba ya babu yao. Mpaka Agosti 2010, katiba mpya ilipoanza, ndipo mke na mume wakawekwa sawa: aliyeishi katika ndoa na Mkenya miaka saba, wa kike au wa kiume, aweza kuomba. Na jirani zetu Tanzania, Sheria yao ya Uraia ya 1995 imemtengenezea njia mwanamke aliyeolewa na raia. Mume wa raia wa kike haikumtaja. Kumbe yule kijana wa saiba hakusema neno la ajabu. Alirudia tu yaliyoandikwa London, Nairobi na Dar es Salaam.

Sitaki nchi zisiulize. Hata mama mkwe aliniuliza, tena maswali makali, nami nilimjibu huku nimeinamisha kichwa. Ndoa za uongo zipo, nani asiyezijua? Ninachokiona katika miaka hii sitini ni kwamba kila swali lilipoonekana aibu liliondolewa, likaletwa jingine lenye adabu zaidi, na nambari haina hata haja ya kuona haya. Pauni 29,000 haimpimi mtu ubikira. Haimwambii kuwa ni mwongo. Inamwambia mwosha wazee kwamba mapenzi yake yamepungukiwa pauni 5,000.

Juzi baba mkwe alipiga simu. Mtoto alikuwa mapajani mwake, akalishika simu akaliweka mdomoni, nikasikia pumzi zake tu. Mzee akasema, "Mwaka ule sisi tulikimbia. Wewe huna pa kukimbilia, ngoja tu."

Nangoja. Karatasi tano za mshahara zimo katika faili la kijani. Ya sita inatoka tarehe 28. Mke wangu anasema mwezi huu saa zake zimetimia zote, ameandika kila siku kwenye kalenda ya jikoni, na zamu ya Jumapili hii akiimaliza, itakuwa imekamilika.