Majina ya wasichana ya Wanande

Majina ya wasichana ya Wanande ni majina ya kuzaliwa yanayofuata mpangilio wa uzazi, hutumika hasa Butembo, Beni na Lubero, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mpangilio. Binti wa kwanza huitwa Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, wa nne Mbambu au Kahambu, wa tano Katungu, wa sita Kyakimwa. Kahindo hupewa msichana anayezaliwa baada ya mfululizo wa wavulana. Kwa hiyo anayesikia jina Katungu hujua kwamba mama yake ana mabinti wengine wanne waliotangulia.

Matumizi. Kwa kuwa darasa moja laweza kuwa na akina Kavira kadhaa, wasichana hutofautishwa kwa jina la ubatizo na la ukoo. Mfano ni Justine Masika Bihamba, mtetezi wa haki za wanawake wa Kivu Kaskazini. Hata hivyo, majina ya ubatizo hayakuruhusiwa wakati wote: mwaka 1972 serikali ya Rais Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Wakati huo majina ya asili ndiyo yaliyobaki kwenye vitambulisho.

Kwingineko. Wakonzo wa Uganda, ndugu wa Wanande wanaoishi upande wa pili wa Rwenzori, wana mpangilio uleule: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Nchini Italia, majina Settimia na Ottavia yanatokana na majina ya koo za Kirumi yenye asili ya "saba" na "nane", lakini leo hayaonyeshi nafasi ya mtoto. Kwa Wanande, majina bado yanaionyesha nafasi hiyo.