Morali: neno lililotoka Ufaransa likapotelea Uingereza

Ukipita Mbulu, Tanzania, kutoka Endagikot hadi Haydom, Oktoba 20 haipiti bila kukumbusha jina la John Stephen Akhwari. Mwana huyo wa Mbulu alianguka katika maratoni ya Olimpiki ya Mexico City siku kama hiyo mwaka 1968, goti likateguka, akafungwa bendeji na kuendelea. Aliingia uwanjani jua limeshazama, saa 3 na dakika 25 tangu aanze, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Watangazaji wetu huiita hiyo morali. Neno lenyewe lina kisa.

Wafaransa wana maneno mawili. "Le moral" ni hali ya moyo, ule uchangamfu wa askari kabla ya vita. "La morale" ni maadili. Waingereza walitaka la kwanza, wakaliandika kama la pili, "morale", ili mkazo ukae mwishoni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wajuzi wa Kifaransa wakaja juu: ondoeni hiyo "e", mnajiaibisha! Mtunzi wa kamusi H. W. Fowler hakuwavumilia. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 alishikilia kwamba "e" ibaki, Mwingereza asije akachanganya ari na maadili. Waliokuwa sahihi kwa Kifaransa wakashindwa, na mimi sina huruma nao.

Sisi tulilipokea kwa Waingereza, tukalitia "i", basi. Maadili tulikuwa nayo tayari kutoka Kiarabu, sawa na hamasa na ari. Tena ari, kwa asili yake ya Kiarabu, ni aibu: mtu hukazana asije akachekwa. Mori nayo hupanda kama morali, ila aliyepandwa na mori mkae naye mbali.

Siku hizi morali ina bei. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi Simba na Yanga Sh milioni 5 kwa kila goli katika michuano ya Afrika, na "goli la Mama" likaingia midomoni mwa watu. Sina ugomvi nalo. Mchezaji naye ana watoto. Akhwari alipewa nishani ya ushujaa mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico.