Kutokwa damu ukeni kusiko kwa kawaida
Ni damu inayotoka nje ya siku za hedhi, au hedhi inayozidi siku 8 au kulowesha pedi kila saa. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kwanza hupimwa ujauzito: huenda mimba inaharibika, au imetunga nje ya kizazi, hali ambayo mrija wa uzazi ukipasuka huweza kuua kwa saa chache. Fibroidi, uvimbe usio saratani kwenye kizazi, huleta hedhi nzito yenye mabonge. Sindano na vijiti vya uzazi wa mpango huvuruga hedhi, hasa miezi ya mwanzo, na mteja anastahili kuelezwa hilo mapema. Damu baada ya tendo la ndoa yaweza kuashiria saratani ya shingo ya kizazi. Aliyekoma hedhi mwaka mzima akiona hata tone, aende hospitali.