Mzee Serapion na Sura Aliyoizoea

Mwanzoni mwa mwaka 399, barua ya Theophilus, askofu wa Aleksandria, ilifika kwa watawa wa jangwa la Sketi. Barua yenyewe haikuwa jambo geni. Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Epifania, askofu aliyaandikia makanisa na watawa wa Misri nzima kuwajulisha Kwaresima inaanza lini na Pasaka itaangukia siku gani. Safari hii aliongeza mafundisho makali: Mungu hana mwili, hana uso wala mikono kama yetu, na anayemwaza kwa umbo la binadamu amepotoka.

Sketi ndiyo leo huitwa Wadi Natrun, bonde lenye mabwawa ya magadi kati ya Aleksandria na Kairo. Watawa walikaa kwenye vijumba vilivyotawanyika, wakisuka kamba na vikapu vya makuti ya mtende huku midomo ikipitia zaburi. Jumamosi na Jumapili walikusanyika kusali pamoja. Bonde lilikuwa na makanisa manne, na katika matatu mapadri hawakuruhusu hata barua ile isomwe. Padri Paphnutius peke yake ndiye aliyeipokea.

Miongoni mwa watu wa Paphnutius alikuwepo mzee Serapion. Alikuwa amemaliza miaka 50 jangwani, na kwa umri na ugumu wa maisha aliyojichagulia alikuwa amewapita karibu wote. Barua ilimkera. Maandiko si yanasema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu? Si yanataja mkono wa Bwana, sikio lake, macho yake? Alichofundisha askofu kilikuwa kwake jambo jipya, lisilojulikana na wazee waliomtangulia.

Ikatokea shemasi mmoja msomi, Photinus, amefika kutoka Kapadokia. Paphnutius akamweka katikati ya ndugu, akamuuliza makanisa ya Mashariki yanaelewaje maneno yale ya kitabu cha Mwanzo. Photinus alieleza kwa utulivu na kwa ushahidi mwingi: mfano huo ni wa kiroho, si wa viungo, kwa kuwa aliye mkuu kupita vyote hawezi kufungwa ndani ya umbo wala mipaka. Mzee akasikiliza, akakubali. Hakulazimishwa. Ndugu wakafurahi kwamba mtu mwema kiasi kile hakuachwa kwenye kosa, wakasimama wote kumshukuru Mungu.

Hapo ndipo Serapion aliposhindwa kusali. Ile sura aliyozoea kuiweka mbele yake kila alipofumba macho ilikuwa imeondoka. Akaanza kulia kwa uchungu, akajitupa chini, akapiga yowe kwamba wamemwondolea Mungu wake, hana tena wa kumshika, hajui amwabudu nani wala amwite nani.

Habari hii tunayo kwa sababu John Cassian, mtawa mgeni aliyekuwa akiishi Sketi wakati huo pamoja na rafiki yake Germanus, aliiandika miaka zaidi ya ishirini baadaye, akiwa Marseille. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara naona watu wanamcheka mzee kwa haraka mno. Photinus alisema kweli, na Kanisa linafundisha hivyo hadi leo. Lakini somo lake lilichukua saa chache, na sala ya Serapion ilikuwa na umri wa nusu karne. Akili ilikubali siku ileile. Moyo ukabaki bila pa kuelekea.

Miaka hiyohiyo, upande mwingine wa Afrika ya Kaskazini, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alikuwa akiandika Maungamo yake. Humo anakiri kwamba ujanani hakuweza kuwaza kitu chochote kilichopo bila mwili. Alimfikiria Mungu kama bahari isiyo na kikomo, na ulimwengu kama sifongo lililozama ndani yake, limelowa kila upande. Ilimchukua karibu miaka kumi kati ya Wamani, wafuasi wa dini ya Mani, kisha mahubiri ya askofu Ambrosi huko Milano na vitabu vya wafuasi wa Plato, kabla hajaiacha picha hiyo. Alibatizwa mwaka 387. Yeye alipewa muda, naye aliishi kwa kusoma na kubishana. Serapion alipewa mchana mmoja.

Huko Aleksandria mambo yaliharibika. Watawa wenye hasira walishuka mjini, na Theophilus, alipoona hatari, aliwaambia kwamba kuwaona wao ni kama kuuona uso wa Mungu. Wakapoa, lakini wakamtaka avilaani vitabu vya Origen, mwalimu aliyependwa na watawa wasomi. Akakubali. Mwaka 400 aliwafukuza wasomi hao kutoka Nitria, makazi mengine ya watawa. Wengine walikimbilia Palestina, kisha Konstantinopoli kwa askofu Yohane Krisostomo, na kesi yao ikawa chanzo kimojawapo cha kuondolewa madarakani kwa Yohane mwaka 403. Kugeuka huko kwa Theophilus mimi nakuona kubaya kuliko kosa lolote la wazee wa Sketi. Wao walishikilia picha kwa sababu waliipenda. Yeye aliibadilisha imani ya watu kwa kuangalia upepo.

Hata hivyo, simulizi la Kikopti linamtunzia Theophilus saa moja njema. Mtawa mzee aitwaye Aphou, aliyekaa nyikani karibu na Oxyrhynchus, alifunga safari hadi kwake kwa sababu ya barua ile, kutetea kwamba mtu ni mfano wa Mungu. Theophilus akamuuliza atawezaje kusema kwamba kipofu, kiwete au mwenye ukoma ni mfano wa Mungu. Aphou akajibu kwa picha ya mfalme. Ni ubao na rangi tu, haina pumzi, lakini mfalme akitamka kwamba ndiyo sura yake, nani atathubutu kukana? Askofu akanyamaza, akakubali. Aphou hakuwa akitetea pua na masikio ya Mungu. Alikuwa akimtetea mwenye ukoma.

Cassian na Germanus, kwa upande wao, walirudi kwa mwalimu wao, Abba Isaka, wakiwa wametikisika. Waliogopa kwamba shetani ndiye aliyemdanganya mzee. Isaka akasema hapana. Ni mtu mnyoofu ambaye hakuwahi kufundishwa, na desturi za zamani za kuabudu miungu yenye sura za watu bado zilikuwa na mizizi nchini. Hekalu la Serapis pale Aleksandria lilikuwa limebomolewa miaka isiyozidi kumi kabla ya hapo. Kisha akasema neno pana zaidi. Kila mtu, alisema, humwona Yesu katika sala kwa kadiri moyo wake ulivyotakaswa. Waliobaki mijini na vijijini walimwona kweli, ila si kwa mng'ao waliouona Petro, Yakobo na Yohane juu ya mlima. Nampenda Isaka kwa hilo: hakusema kwamba wa bondeni walimwona mwingine.

Germanus akauliza swali ambalo, naamini, ndilo Serapion angeliuliza kama angekuwa na nguvu: ikiwa hakuna sura ya kuiweka mbele, tunaanzia wapi? Tunashika nini mawazo yanapotangatanga?

Isaka hakutoa maelezo mengine juu ya asili ya Mungu. Alitoa mstari mmoja, ule unaofungua Zaburi ya 70, ombi fupi la mtu anayemwita Mungu aje upesi kumsaidia. Akasema usemwe wakati wa raha na wa shida, kazini, safarini, mezani, kitandani, mpaka moyo uuseme wenyewe usingizini. Mstari huo hauna sura wala umbo, ila una wa kuitwa. Mtakatifu Benedikto, aliyewaagiza watawa wake wasome vitabu vya Cassian, akauweka mwanzoni mwa vipindi vya sala katika karne ya 6. Watawa Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda huko kusini mwa Tanzania wanaanza nao sala zao hadi leo.