Simu Isiyo na Waya na Sikio la Jirani
Mwaka 1969 Mmarekani George Sweigert alipewa hataza ya mfumo wa kuunganisha simu na redio ya njia mbili. Simu zisizo na waya zilipoingia majumbani, maongezi yalipita hewani, baina ya mkono wa simu na kitako chake, bila kufichwa. Baadhi yaliweza kunaswa hata kwa redio ya kawaida ya AM. Bunge la Marekani lilijua. Lakini sheria ya faragha ya mawasiliano ya mwaka 1986 iliiacha nje sehemu hiyo ya hewani, kwa hoja kwamba kuinasa ni rahisi mno. Ajabu ya hoja! Mlango dhaifu haumhalalishii mwizi. Kinga ilipatikana mwaka 1994, baada ya miaka minane.