Voania wa Muba: Mfinyanzi Aliyeandika Jina Lake

Historia ya sanaa ya Kiafrika imezoea kumwacha msanii bila jina. Kinyago huandikiwa kabila, chungu huandikiwa nchi, na jambo likaishia hapo. Ndiyo sababu Voania wa Muba, aliyefariki mwaka 1928, astahili kuangaliwa kwa makini. Alikuwa Mwoyo wa Kongo ya Chini, na alifinyanga vyungu vilivyokaliwa juu na sanamu ya mtu, chombo na sanamu vikawa kitu kimoja. Katika udongo mbichi alichora kwa herufi za Kirumi jina lake na la kijiji chake.

Vyungu hivyo havikuwa vya kupikia. Wanunuzi walikuwa Wazungu, na baadhi ya kazi zake zimo hata leo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mfinyanzi hulia gaeni, wasema wahenga.

Kutokana na soko hilo wapo wamwonao kuwa mwigaji tu. Hoja yao si ya bure. Biashara ilileta pwani ya Kongo vyombo vya kauri vya Uingereza, yakiwemo magudulia yenye umbo la mtu aliyeketi, na Wakongo waliviweka hata juu ya makaburi. Zdenka Volavka alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1977 katika jarida la African Arts, alimpa Voania nafasi yake katika historia ya ufinyanzi wa Afrika ya Kati. Lakini swali la athari halikuisha.

Kwa maoni yangu, wenye hoja hiyo wanasahau vifuniko. Wawoyo walikuwa na vifuniko vya vyungu vya mbao vilivyochongwa sanamu, na kila sanamu iliashiria methali. Mke mwenye lalamiko alimfunikia mumewe chakula kwa kifuniko kilichofaa. Mume na waliokula naye wakalazimika kuifumbua methali hiyo na kulijadili shauri hadharani. (Sisi wa kanga tutaelewa upesi.) Sidai kwamba Voania alinakili vifuniko. Nadai kwamba sanamu juu ya chungu haikuwa ngeni kwa Wawoyo, na kwamba gudulia la Kiingereza, kama alilitazama, lilikuta mahali palipokwisha kutayarishwa.

Limebaki suala la istilahi. Baadhi yetu humwita "mchongaji wa udongo", kana kwamba ufinyanzi ni kazi ya chini mno kuzaa sanaa. Voania hakuchonga, alifinyanga. Na aitwe mfinyanzi.