Kioo Chembamba Kuliko Unywele

Aliyewahi kupasha moto mrija wa kioo shuleni anajua kioo kinavyogeuka ghafla. Sasa hivi ni kigumu, mara kinalegea kama asali, ukizubaa kinajikunja au kinakupasukia mkononi. Basi mfikirie fundi aliyeambiwa apulize mrija ambao ukuta wake haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita.

Fundi huyo ni Otto Baumbach, Mjerumani aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Mwaka 1908 mwanafizikia Ernest Rutherford alitaka kuthibitisha kwamba chembe za alfa, zinazorushwa na madini ya mnururisho, ni heli yenye chaji. Alihitaji chombo cha masharti mawili yanayogombana: kioo chembamba hata chembe za alfa zipenye, lakini imara hata gesi isivuje na kanieneo ya hewa isikiponde. Baumbach alijaribu, akarudia, mpaka akaupata mrija wa namna hiyo.

Ndani ya mrija ilitiwa gesi ya radoni. Nje yake kulikuwa na mrija mpana uliotolewa hewa yote. Siku ya kwanza ikapita kimya. Baada ya siku 2 mstari wa njano wa spektra ya heli ukaanza kuonekana kwa mbali. Baada ya siku 6 mistari yake mikuu yote ilikuwa inang'aa. Kisha Rutherford na mwenzake Thomas Royds wakatia heli ya kawaida katika mrija huohuo mwembamba, nayo haikutoka. Kilichopenya, basi, ni chembe za alfa zenyewe. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya fizikia, na uzuri wake umo katika kile kioo. Desemba ya mwaka huohuo Rutherford alilieleza Stockholm alipopokea Tuzo ya Nobeli.

Leo watu kama Baumbach tungewaita mafundi sanifu maabara. Cambridge nako alikuwepo Ebenezer Everett, fundi wa mwanafizikia J. J. Thomson. Thomson alikuwa na akili ya ajabu, ila vidole vyake vilikuwa vizito, na Everett hakupenda avikaribie vyombo. Kabla ya Thomson, mwanafizikia Heinrich Hertz aliwahi kujaribu mwaka 1883 kuipinda miale ya kathodi kwa umeme, asifanikiwe, kwa sababu gesi iliyobaki ndani ya mrija ilimharibia. Mwaka 1897 Thomson alifanikiwa kwa kuwa mirija yake ilitolewa hewa vizuri zaidi. Hivyo ndivyo elektroni, chembe inayounda miale hiyo, ilivyojulikana, ndani ya vioo vya Everett.

Vita vya 1914 vikavuruga yote. Niels Bohr, mwanafizikia aliyekuwa Manchester wakati huo, alikuwa na kifaa tata cha kwatzi alichotengenezewa na Baumbach. Kishikizo chake kikashika moto, kifaa kikaharibika. Wa kukitengeneza hakuwepo tena: Baumbach alikuwa mwepesi wa hasira, maneno yake makali ya kuitetea Ujerumani yakamponza, na serikali ya Uingereza ikamweka kizuizini. Bohr alirudi Copenhagen mwaka 1916, jaribio halikukamilika.

Wanafunzi wa Rutherford nao walikwenda vitani. Aliyebaki naye ni William Kay, msimamizi wa maabara. Mwaka 1917 kigunduzi chao cha chembe kilikuwa kibao kilichopakwa salfaidi ya zinki, hadubini, na jicho la mtu. Ilibidi kwanza kukaa gizani mpaka macho yazoee. Kisha mtu huinamia hadubini na kuhesabu vimweko hafifu vya chembe zikigonga kibao, kimoja kimoja, dakika chache tu kabla macho hayajachoka, naye anampisha mwenzake. Katika hesabu hizo Rutherford aligundua kwamba naitrojeni ikigongwa na chembe za alfa hutoa viini vya hidrojeni, ambavyo baadaye aliviita protoni. Alipochapisha matokeo mwaka 1919, alimshukuru Kay kwa jina, kwa kazi ile ya kuhesabu.